Bastola Iliyopita Kasongo

Katika minada ya silaha za kale ya Ulaya na Marekani kuna bastola moja ya mzunguko ambayo haikosekani, na zipo nyingi mno hata mkusanyaji mzoefu huipita bila kusimama. Ni ya mtindo wa Lefaucheux: risasi yake ina kipini kidogo kilichochomoza ubavuni, nyundo ikishuka hukigonga kipini, na fataki iliyomo ndani ikawaka. Mafundi wa Liège, mji wa chuma na makaa ya mawe nchini Ubelgiji, waliziunda kwa maelfu katika nusu ya pili ya karne ya 19, kasiba ndefu au fupi kadiri ya mfuko wa mteja. Peke yake ni chuma cha bei ya kawaida. Lakini dalali akiongeza mstari mmoja chini ya picha, kwamba bastola hii ilitwaliwa Kongo katika vita na Waarabu, na aliyeitwaa ni ofisa fulani wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, mikono huinuka ukumbini na simu za wanunuzi wa ng'ambo huanza kulia. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Bastola hii haiuzwi na uzuri wake wala haitembezwi na ubaya wake. Inauzwa na jina la mahali. Na vita hivyo vilipiganwa mahali panapojulikana: Nyangwe, Kasongo, Kabambare, kusini mwa Maniema, kati ya mto Lualaba na vilima vinavyopanda kuelekea Ziwa Tanganyika. Mnunuzi analipia historia ya watu wa huko, kisha anaifungia kabatini kwake. Nadhani tangu dakika ile ana deni, na deni lenyewe linaweza kulipwa.

Biashara hii haikuanzia kwenye ukumbi wa mnada. Kununua bastola kwa wafanyabiashara wa ng'ambo ilikuwa kazi ya Kasongo kabla haijawa burudani ya wakusanyaji. Silaha zilitoka viwanda vya Liège na Birmingham, zikashushwa Unguja, zikavushwa hadi Bagamoyo, zikapanda mabegani mwa wapagazi kupitia Tabora hadi Ujiji, zikavuka ziwa, zikashika njia ya milima hadi Kabambare, na kutoka hapo zikateremka Kasongo na Nyangwe. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye dunia inamjua kwa jina la Tippu Tip, aliishika njia hiyo kwa mkopo. Aliyemkopesha mali ni Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja aliyewahi kukodi forodha ya Sultani. Mkopo ulirudi kwa pembe za ndovu, na pembe zilibebwa na watu ambao wengi wao walikuwa wametekwa. Usione vyaelea, vimeundwa. Bastola inayong'aa leo chini ya kioo ilifuliwa na fundi mmoja na kung'arishwa na mwingine, lakini waliolipa gharama ya safari yake ni wanawake na wanaume wa Maniema, waliofungwa kamba shingoni na kuhesabiwa pamoja na shehena. Kufikia mwaka 1888 balozi wa Uingereza aliyekuwa Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba silaha kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Nyingi zilikuwa za majeshi ya Ulaya, zilizotupwa kando pale majeshi hayo yalipobadilisha bunduki za kushindilia kwa mdeki na kuchukua zile za kujazwa kwa nyuma. Takataka za ghala za huko zikawa mtaji wa huku.

Hapo ndipo swali la ukale linapoanza kuuma. Mkusanyaji husema silaha yake ni ya kale, na sheria humuunga mkono. Nchini Marekani, sheria ya silaha ya mwaka 1968 huiona silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake kuwa ya kale, na haiitii katika vizuizi vya serikali kuu vinavyoibana silaha ya leo. Uingereza huangalia zaidi aina ya risasi: ikiwa risasi yake imeachwa kutengenezwa kitambo na imo katika orodha ya serikali, kama ilivyo kwa risasi za kipini, silaha inaweza kumilikiwa kama pambo. Maneno haya yanasikika ya kiungwana na yasiyo na upande, kana kwamba chuma huzeeka chenyewe jinsi mtu anavyoota mvi. Lakini sheria ilikwisha kuigawa silaha ya kale na silaha mpya zamani, na mara ile ya kwanza iliigawa kwa ajili ya Kasongo na jirani zake. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa ya Ulaya pamoja na Marekani, Uturuki na hata Usultani wa Zanzibar yalitia saini mkataba wa Brussels wa kupiga vita biashara ya watumwa. Mkataba huo ulizuia kuingiza silaha katika ukanda wote wa Afrika kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini. Ukaacha mlango mmoja: bunduki za gumegume zenye kasiba laini, pamoja na baruti ya kawaida, ziliweza kutolewa maghalani kwa wenyeji pale watawala watakapoona inafaa.

Tuutazame mlango huo kwa makini. Gumegume lilikuwa limeachwa na majeshi ya Ulaya tangu miaka ya 1840, nusu karne kamili kabla ya mkataba. Waliotia saini Brussels walijua vizuri kwamba silaha hiyo inaua. Iliua Waterloo, na Maniema ilikuwa ikiua kila mwaka. Walichokipima ni kama ingeweza kuwaua wao. Gumegume mikononi mwa mwanakijiji lingeweza kummaliza jirani yake au tembo, lakini lisingeweza kusimama mbele ya kikosi chenye bunduki za Albini na mzinga wa Krupp. Kwa hiyo likahesabiwa silaha ya kale, isiyo na madhara makubwa, na likaruhusiwa. Sheria ya 1968 na mkataba wa 1890 zimetengana kwa miaka 78 na hazina nia moja, ila mizani yake ni ileile: mwenye kutunga sheria huipima silaha kwa hofu yake mwenyewe. Inapokoma kumtisha, anaiita kumbukumbu.

Anayetaka kuona jinsi mizani hiyo inavyopotoka na aitazame Kabambare ya miaka hii. Kuzunguka Salamabila na mgodi wa dhahabu wa Namoya, wapiganaji wa Mai-Mai Malaika wamekuwa wakipambana na serikali na wakichuana juu ya dhahabu, wakiwa na bunduki za kivita. Pembeni yao, katika Kongo ya mashariki yote, mafundi wa vijijini bado wanaunda magobori kwa bomba la chuma na mti wa msituni. Mwindaji bado anamimina baruti, bado anashindilia, bado fataki humlipukia usoni. Uhandisi wa gobori hilo ni wa mwaka 1840, na mtu aliyepigwa nalo leo asubuhi amekufa leo. Umri wa silaha, basi, hauko ndani ya chuma. Uko katika amani ya nyumba inamokaa. Bastola ya Liège iliyotundikwa ukutani huko Ohio imekuwa ya kale kwa sababu Ohio haiiogopi tena, na dada yake aliyesalia Kabambare angekuwa tishio tu, hata kama zilitoka mkononi mwa fundi mmoja siku moja.

Sasa tuirudie ile hadithi inayopandisha bei. Mwaka 1892 vita vilizuka kati ya Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa mali ya Leopold, na Waungwana, yaani wale Waarabu na Waswahili waliotawala Maniema. Kasongo ilikuwa mikononi mwa Sefu, mwana wa Tippu Tip. Baba alikuwa amekwisha kurudi pwani. Jeshi la Dola hiyo chini ya Francis Dhanis, lililojaa askari wa Kiafrika na wafuasi wa Gongo Lutete ambaye zamani alimtumikia Tippu Tip, liliiteka Nyangwe mwezi Machi 1893 na Kasongo tarehe 22 Aprili. Sefu aliuawa mwezi Oktoba. Gongo Lutete, aliyewapa Wabelgiji ushindi, alikuwa amekwisha kupigwa risasi na Wabelgiji haohao mwezi Septemba. Kabambare ilianguka Januari 1894, aliposhindwa Rumaliza, kiongozi mwingine wa Waungwana. Daktari wa jeshi hilo, Mwingereza Sidney Langford Hinde, alichapisha kitabu mwaka 1897, na humo anaorodhesha vilivyokutwa Kasongo: mishumaa, sukari, viberiti, vikombe vya fedha na vya kioo, tani zipatazo 25 za pembe, tani 10 au 11 za baruti, mamilioni ya fataki, risasi za karibu kila aina ya bunduki na bastola iliyopata kutengenezwa, na bendera moja ya Wajerumani iliyotekwa huko Afrika Mashariki ya Kijerumani. Jungu kuu halikosi ukoko, na ukoko wa Kasongo ulikuwa ghala la silaha za nusu ya dunia. Baruti iliteketezwa vitani. Pembe ziliuzwa. Vitu vidogo, majambia na panga na bastola, vilikuwa rahisi kutiwa sandukuni. Baadhi ya nyara za vita vile zilifika Tervuren, nje kidogo ya Brussels, katika makumbusho yaliyozaliwa na maonyesho ya mwaka 1897. Nyingine zilibaki kwenye kuta za familia, na wazee wakifa, warithi wasiojua wafanye nini na chuma cha babu humpigia dalali simu.

Bastola ya namna hiyo ni hati. Ina muhuri wa kiwanda, muhuri wa ofisi ya serikali iliyoijaribu, pengine namba, pengine herufi zilizochongwa na mwenyewe wa pili au wa tatu, pengine marekebisho ya fundi wa Unguja au wa Kasongo aliyebadilisha kitako kilichovunjika. Kila alama ni neno. Yakisomwa pamoja na maneno ya bastola nyingine mia, yanatueleza viwanda gani viliuza, miaka ipi, kwa kupitia nani, na silaha zilitembea kwa kasi gani kutoka forodhani Unguja hadi Lualaba. Ikisomwa peke yake, na mtu mmoja, katika chumba kilichofungwa, haielezi lolote zaidi ya fahari ya mwenyewe.

Nyangwe inatupa mfano wa hati iliyopata bahati tofauti. Tarehe 15 Julai 1871 watu wa mfanyabiashara Dugumbe waliufyatulia risasi umati sokoni, wengi wao wanawake, na waliokimbilia mtoni wakazama. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. David Livingstone alikuwapo. Aliandika kwamba wazo lake la kwanza lilikuwa kuwapiga wauaji kwa bastola yake, na Dugumbe akamzuia asijiingize katika kisasi cha damu. Karatasi zilikuwa zimemwishia, hivyo aliandika juu ya gazeti la London la mwaka 1869, kwa wino wa rangi ya mmea, na wino huo ulififia hata maandishi yakawa hayasomeki. Kwa karibu miaka 140 dunia ilitegemea nakala aliyoisafisha baadaye yeye mwenyewe na ikachapishwa baada ya kufa kwake. Mwaka 2011 wataalamu wakiongozwa na Adrian Wisnicki waliyapiga picha magazeti yale kwa mianga ya rangi nyingi, maneno yakafufuka, nao wakayaweka kwenye intaneti ayasome yeyote. Ikaonekana kwamba daftari la siku ile na nakala iliyosafishwa havisemi sawasawa, na kwamba mwenendo wa baadhi ya watu wa Livingstone mwenyewe unazua maswali ambayo nakala iliyafunika. Mwalimu wa historia huko Kasongo, akiwa na simu yenye mtandao, anaweza leo kuisoma habari ya Nyangwe kutoka chanzo chake. Bastola iliyokuwa kiunoni mwa mtu katika miaka hiyohiyo, kwenye njia hiyohiyo, hawezi kuiona hata picha.

Wapo watakaosema kwamba silaha hizi hazikuundwa Maniema. Si kinyago cha Walega, si kiti cha Wahemba. Ni bidhaa ya Liège, na kama zina kwao, kwao ni Ubelgiji. Hoja hii ina uzito ikiwa tunachozungumzia ni ufundi. Ikiwa tunachozungumzia ni ushahidi, inageuka. Leopold aliiambia Ulaya kwamba vita vya Maniema ni vita vya kuwakomboa watumwa. Muhuri wa Liège kwenye silaha iliyotwaliwa Kasongo unaonyesha kwamba nchi iliyotuma maofisa wa ukombozi ndiyo iliyouza zana za utekaji, na faida ikaingia mara mbili. Hilo ni jambo ambalo mtoto wa Kasongo ana haki ya kulishika mkononi, au angalau kuliona kwa macho. Asili ya Ulaya ya chuma hicho ndiyo inayokifanya kiwe cha lazima kwa Maniema.

Pingamizi linalonigusa zaidi ni la pili, na haliwezi kujibiwa kwa haraka. Bastola hizi zilikuwa za wateka-watu. Kwa nini wajukuu wa waliotekwa wazililie silaha za waliowateka? Kasongo ni mji wa Waislamu wengi, wenye misikiti na fahari ya usomi wa Kiswahili, na humo wanaishi pamoja wajukuu wa Waungwana, wajukuu wa watumwa wao, na wengi ambao ni wajukuu wa pande zote mbili. Sidhani wanahitaji kuililia bastola yoyote. Lakini tufikirie ni nani aliyeacha maandishi. Tippu Tip alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na tunayo. Hinde aliandika. Livingstone aliandika hata juu ya gazeti. Mwanamke aliyekwenda sokoni Nyangwe na kapu la samaki hakuandika, na mpagazi aliyefia njiani kati ya Kabambare na Ziwa Tanganyika hakuandika. Kwao waliobaki bila kalamu, vitu ndivyo mashahidi: mnyororo, shanga, pembe, bastola. Kumnyamazisha shahidi kwa sababu alikuwa wa adui ni kumwachia adui kesi nzima. Na udongo wenyewe umeanza kutoa ushahidi. Wanaakiolojia wa Kongo na wa Ulaya, akiwemo Noemie Arazi, wamefanya kazi Kasongo-Tongoni, mji wa kale, pamoja na Kabambare, wakikusanya mabaki ya ardhini na masimulizi ya wazee, na mwaka 2020 waliyaeleza katika jarida la Antiquity. Wanachokipata kwa kuchimba ni nusu. Nusu nyingine ilikwisha kuondoka kwa masanduku mwaka 1893 na 1894.

Mkusanyaji atajibu kwamba yeye ndiye aliyeitunza. Ingebaki Maniema, unyevu ungeila, au mhunzi angeiyeyusha iwe jembe. Ni kweli, na anastahili shukrani kwa mafuta aliyoipaka. (Jembe, kwa kweli, ungekuwa mwisho mwema kwa bastola.) Ila mtunzaji hupimwa kwa kile anachoruhusu kionekane. Wala simdai airudishe. Kupeleka silaha, hata iliyochakaa, katika wilaya yenye vita ni jambo ambalo mtu mwenye busara hatalishauri, na serikali ya Kongo ina haki ya kulikataa. Sheria ya Ubelgiji ya tarehe 3 Julai 2022, inayofungua njia ya kurudisha mali iliyochukuliwa wakati wa ukoloni, inahusu mali iliyo mikononi mwa dola. Kabati la mtu binafsi hailigusi. Kwa hiyo kinachobaki ni wajibu ambao hakuna mahakama itakayoulazimisha, na ambao gharama yake ni ndogo: picha za kila muhuri, vipimo, namba, majina yote yaliyomo katika cheti cha mauzo, barua iliyoambatana nayo, vyote vikiwekwa wazi na kutumwa kwa makumbusho ya taifa yaliyofunguliwa Kinshasa mwaka 2019, na kwa wanaofanya utafiti Kasongo. Nyumba za mnada, ambazo zinapokea sehemu yake ya bei iliyopandishwa na jina la Kongo, zingeweza kuliweka hilo kuwa sharti la kuliandika jina hilo katika orodha.

Hapo mwenye shaka atauliza: nusu ya hadithi hizo si za kutunga? Bila shaka zipo za kutunga. Popote jina linapopandisha bei, jina litabandikwa pasipostahili. Hiyo ni sababu ya kuziweka wazi, kwa maana chuma hubishana na cheti. Ofisi ya Liège iliyojaribu silaha ilipiga herufi ELG ndani ya duara la mviringo wa yai, na ni mwezi Julai 1893 ndipo ilipoongeza taji juu ya duara hilo. Kasongo ilikuwa imetekwa tangu Aprili. Bastola yenye taji lile haikukutwa ndani ya mji siku ile, hata kama familia nzima ya ofisa itaapa. Mkusanyaji wa Ohio anayaona mambo haya kwa kutupa jicho mara moja, kwa sababu ameyasoma miaka mingi kwa mapenzi. Elimu hiyo ndiyo inayokosekana Kasongo, ambako hadithi zenyewe zipo tele na wazee wanaozijua bado wanaulizwa. Na hakuna mpaka wala forodha inayomzuia kuanza kuwaandikia.